Paka, mbwa na kuku katika msimu wa kumbikumbi: vituko vya uwindaji na hatari zake

Mvua za vuli zinapoanza kunyesha katika nchi zinazozunguka Ziwa Victoria, si watu pekee wanaowasubiri kumbikumbi na senene. Paka huketi chini ya taa ya barazani akiwa amekodoa macho juu. Mbwa huruka na kufunga taya hewani, mara nyingi bila kupata kitu. Kuku nao hutoka bandani alfajiri na kukimbilia mabaki yaliyoanguka usiku. Wenye nyumba hucheka, na wana haki ya kucheka, kwa maana vituko vya mnyama anayekimbizana na mdudu havina mfano.

Hata hivyo, nyuma ya vituko hivyo ipo silika ya kale ya uwindaji, na ipo pia hatari ambayo mfugaji asiyejua huweza kuipita akidhani ni sehemu ya mchezo. Makala haya yanaeleza kwa nini wanyama wa nyumbani huwala wadudu, kwa nini huwala kwa namna ya kuchekesha, na ni wakati gani kicheko kinapaswa kukoma.

Karamu ya watu na wanyama

Kumbikumbi ni mchwa waliokomaa na kuota mbawa, wa kike na wa kiume, ambao hutoka kichuguuni kwa maelfu baada ya mvua ili kutafuta wenzi na kuanzisha makazi mapya. Hawaumi wala hawachomi. Huruka kwa udhaifu, hufuata mwanga, na baada ya muda mfupi huziangusha mbawa zao na kuanza kutambaa ardhini wawili wawili, dume akimfuata jike. Miili yao imejaa mafuta na protini, kwa kuwa hiyo ndiyo akiba ya wenzi watakaojifungia ardhini na kuwalea watoto wa kwanza bila kutoka kutafuta chakula. Kwa mwindaji yeyote, mkubwa au mdogo, hicho ni chakula kinachojileta chenyewe.

Watu wa eneo hili wanalijua hilo tangu zamani. Magharibi mwa Kenya na nchini Uganda, wakusanyaji hufunika vichuguu na kupigapiga vijiti juu yake ili mchwa wadhani kwamba mvua inanyesha na kutoka nje. Senene naye, ambaye ni aina ya panzi mwenye papasi ndefu na rangi ya kijani au kahawia, ana heshima yake. Katika Kiganda huitwa nsenene, na mwezi wa Novemba umepewa jina lake, Musenene. Katika eneo la Masaka, wafanyabiashara huwanasa kwa taa zenye mwanga mkali, mabati yaliyoinamishwa juu ya mapipa, na moshi unaowalevya wadudu hadi wakateleza na kutumbukia. Ng'ambo ya mpaka, Bukoba katika Mkoa wa Kagera, Tanzania, senene hukaangwa, hukaushwa na kupelekewa ndugu walio mbali kama zawadi ya nyumbani.

Katika Buganda kuna pia ukoo wa Nsenene, ambao kwa mila hauli mdudu huyo kwa kuwa ndiye ishara ya ukoo. Paka wa nyumba hizo, bila shaka, hawafungwi na mwiko huo.

Paka chini ya taa

Paka wa nyumbani ametokana na paka-pori anayejulikana kitaalamu kama Felis lybica. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba asili ya paka wa nyumbani ni paka-pori wa Mashariki ya Kati. Miaka mitatu kabla ya hapo, wanaakiolojia walitangaza kugunduliwa kwa kaburi la takriban miaka 9,500 katika kisiwa cha Cyprus, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Paka-pori bado anaishi katika mbuga za Kenya, Tanzania na Uganda. Chakula chake kikuu ni panya, lakini hula pia ndege, mijusi na wadudu. Kwa hiyo paka anayemnyemelea mende jikoni hafanyi jambo geni. Anafuata desturi za ukoo wake.

Vifaa vya kazi hiyo anavyo. Sikio la paka husikia sauti nyembamba zinazofikia takriban mara tatu ya upeo wa sikio la mwanadamu, na kila sikio hugeuka peke yake kuelekea sauti inakotoka. Ndiyo maana paka aliyelala usingizi huweza kuinua kichwa ghafla kwa sababu ya mkwaruzo wa miguu ya mende nyuma ya kabati, mkwaruzo ambao hakuna mtu aliyeusikia. Macho yake nayo huhitaji takriban sehemu moja tu ya sita ya mwanga anaouhitaji mwanadamu, na huuona mwendo kwa wepesi zaidi kuliko umbo. Mdudu asiyetikisika huweza kumponyoka. Anayetikisa hata mguu mmoja amejifichua.

Lakini macho hayohayo yana udhaifu mkubwa kwa vitu vya karibu. Kitu kilicho ndani ya sentimita 25 hivi kutoka puani mwa paka huonekana kwake kama ukungu. Hapo ndipo kinapozaliwa kituko kimoja kinachojulikana na kila aliyefuga paka: mnyama humwona nondo aliye kwenye kona ya dari, humrukia kwa ustadi, humwangusha, kisha humtafuta huku na huko ilhali mdudu yumo kati ya miguu yake ya mbele. Wakati huo paka husogeza sharubu zake mbele na kupapasa sakafu, kama mtu anayetafuta miwani yake gizani. Hata nyuma ya miguu yake ya mbele kuna nywele ngumu za aina hiyo, zinazomsaidia kuhisi windo ambalo macho hayalioni vyema.

Kituko cha pili ni kugonganisha meno. Paka anapomwona mdudu ambaye hawezi kumfikia, hasa aliye darini au nje ya dirisha, taya lake hutetemeka na kutoa sauti ya kukatakata, kama mtu anayesikia baridi. Wapo wataalamu wanaoiona hali hiyo kuwa ni dalili ya hamu iliyozuiwa, na wapo wanaoiona kuwa ni maandalizi ya lile ng'ato la haraka ambalo paka hulitumia kuua.

Kituko cha tatu ndicho kinachowakera baadhi ya watu: paka aliyeshiba samaki humkamata panzi, humwachia, humpiga kofi, humrusha juu, humkamata tena, na mwisho humwacha bila kumla. Mtaalamu wa Kijerumani wa tabia za wanyama, Paul Leyhausen, aliyewachunguza paka kwa miaka mingi katika karne ya 20, alionyesha kwamba kunyemelea, kukamata, kuua na kula si mnyororo mmoja unaoendeshwa na njaa. Kila hatua ina msukumo wake. Paka aliyeshiba amemaliza hamu ya kula, lakini hamu ya kunyemelea bado anayo. Aidha, kofi lile analolipiga na kurudi nyuma si ukatili wa makusudi. Ni tahadhari: anapima iwapo windo linauma au linachoma kabla ya kulisogezea uso.

Anapoamua kula, paka huacha miguu ya nyuma ya panzi, kwa kuwa ina miiba inayokwaruza koo, na mara nyingi huziacha mbawa. Anayeamka asubuhi na kukuta mguu mmoja wa panzi juu ya zulia anajua kilichotokea. Utamu anaoutafuta paka si wa sukari. Mwaka 2005 watafiti wa Kituo cha Monell kilichoko Philadelphia, Marekani, walieleza kwamba sehemu ya vinasaba inayomwezesha mnyama kuonja sukari imeharibika katika paka na haifanyi kazi. Anachokifuata ni ladha ya nyama na mafuta, na kumbikumbi wanavyo vyote viwili.

Mbwa anayeng'ata hewa

Mbwa si mwindaji wa wadudu kwa kipaji. Hana makucha ya kunasia kama ya paka, na kiungo anachokitegemea ni mdomo. Nzi anapopita karibu, mbwa hufunga taya kwa kishindo ambacho husikika chumba cha pili, na nzi huendelea na safari yake. Anapokutana na mbawakawa sakafuni, mbwa humnusa, hupiga chafya, huruka nyuma kwa hofu, kisha hurudi kunusa tena. Usiku wa kumbikumbi hubadilisha mbinu kabisa: huacha kuruka, hushusha kichwa, na kulamba sakafu kama anayekunywa maji, hadi mbawa zikamganda kwenye pua na ulimi na kumfanya akohoe.

Kwa upande mwingine, yupo jamaa yake wa mwituni aliyeifanya kazi hiyo kuwa maisha yake. Bweha masikio, anayeishi katika nyanda kavu za Kenya na Tanzania, ikiwemo Serengeti, hula hasa mchwa na mbawakawa wa kinyesi. Masikio yake makubwa humwezesha kusikia wadudu walio chini ya udongo, na ana meno kati ya 46 na 50, ilhali mbwa wa nyumbani ana 42. Meno hayo mengi madogo husaga wadudu kwa haraka. Mbwa wa nyumbani humeza windo zima zima, jambo linaloeleza kukohoa, kupiga chafya na mara nyingine kutapika ganda lote la mende kama lilivyoingia. Ganda la mdudu ni gumu kumeng'enywa, na mnyama aliyekula kupita kiasi huweza kulitoa kwa njia moja au nyingine. Akitapika mara moja na kuendelea na shughuli zake, hakuna sababu ya wasiwasi.

Jambo moja linahitaji kuangaliwa kwa makini. Wapo mbwa wanaong'ata hewa hata pale ambapo hakuna nzi wala mdudu yeyote, wakirudia tendo hilo mara nyingi kwa siku. Hao hawawindi. Madaktari wa mifugo huihesabu hali hiyo kuwa ni dalili ya ugonjwa, na utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu mbwa saba wenye tabia hiyo uliihusisha na matatizo ya tumbo na utumbo. Yapo pia matatizo ya ubongo na ya macho yanayoweza kuonekana kwa sura hiyohiyo. Mbwa wa namna hiyo anahitaji uchunguzi, si makofi ya watazamaji.

Jogoo na ahadi zake

Kuku hahesabiwi na wote kuwa mnyama wa kufugwa kwa mapenzi, lakini katika nyumba nyingi za eneo hili ndiye anayeishi karibu zaidi na watu, na kwa wadudu hana mshindani. Humfuata mkulima nyuma ya jembe na kuokota kila kinachofukuliwa. Mtetea mmoja akimpata panzi mkubwa, hawezi kumla kwa utulivu. Hukimbia naye mdomoni huku wenzake wakimfukuza, panzi akanyang'anywa, aliyenyang'anya naye akafukuzwa, na mbio hizo huendelea hadi mmoja apate nafasi ya kummeza.

Jogoo ana utaratibu wake. Anapopata mdudu, mara nyingi hamli. Humwokota na kumwangusha, huku akitoa mlio maalumu wa kuwaita mitetea, ambao huja mbio na kula. Ukarimu huo una faida kwake, kwa kuwa mitetea humpendelea jogoo anayewalisha. Lakini Peter Marler na mwenzake Marcel Gyger, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, walionyesha kwamba jogoo huweza pia kutoa mlio huohuo akiwa na kitu kisicholika mbele yake. Mtetea hufika na kukuta kijiti. Kwa maneno mengine, porojo za jogoo si methali tu. Zimepimwa na kuandikwa.

Wadudu wanaojitetea

Si kila mdudu anakubali kuwa chakula. Baadhi hutoa majimaji yenye harufu kali mara wanapotafunwa, na mbwa au paka aliyewatia mdomoni huwatema papo hapo, hutikisa kichwa na kudondosha mate mengi yenye povu. Hali hiyo hupita ndani ya dakika chache, hasa mnyama akipewa maji. Mara nyingi somo hilo humtosha paka. Mbwa wengi hurudia kosa hilo siku inayofuata.

Nyuki na nyigu ni jambo zito zaidi. Mnyama aliyechomwa mguuni huchechemea kwa muda na kupona, lakini aliyechomwa ndani ya mdomo au kooni huweza kuvimba hadi njia ya hewa ikaziba. Uso ukivimba, pumzi ikiwa ya shida au fizi zikipauka, mnyama anapaswa kupelekwa kwa daktari wa mifugo bila kusubiri. Hatari huwa kubwa zaidi pale anapovamia mzinga na kuchomwa na kundi zima.

Katika misimu ya mvua kuna pia mdudu anayeitwa nzi wa Nairobi, ingawa yeye si nzi bali ni mbawakawa mdogo mwembamba, mwenye rangi nyeusi na nyekundu ya machungwa. Naye hufuata taa kama kumbikumbi. Haumi wala hachomi, lakini akipondwa hutoa majimaji yenye sumu iitwayo pederini, inayobabua ngozi na kudhuru macho. Mdudu huyo hapaswi kupondwa juu ya mwili wa mtu wala wa mnyama. Hupeperushwa au huondolewa kwa karatasi.

Kanuni ya jumla ni kwamba mdudu mwenye rangi kali anayetembea taratibu bila kujificha ana sababu ya kutoogopa. Wapo panzi wakubwa wenye rangi za kung'aa ambao hula mimea yenye sumu, huihifadhi sumu hiyo mwilini na kutoa povu wanaposhikwa. Nchini Afrika Kusini panzi wa aina hiyo wamewahi kuua mbwa waliowala, na jamaa zao wanapatikana Afrika Mashariki. Viwavi wenye manyoya nao huumiza ulimi na midomo.

Sumu inayotoka mkononi mwa mwanadamu

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, haimo ndani ya mdudu. Inatiwa na mwanadamu. Mende aliyepuliziwa dawa hafi papo hapo. Huyumba, hugeuka mgongo chini na kutikisa miguu, na hakuna kitu kinachomvutia paka kuliko mwendo wa namna hiyo. Windo dhaifu, lisiloweza kukimbia, humfikia likiwa limebeba sumu. Mdudu mmoja hubeba kiasi kidogo. Wengi waliokusanyika sakafuni ni hesabu nyingine, na paka pia hukanyaga dawa iliyotapakaa kisha kulamba nyayo zake.

Dawa nyingi za wadudu wa nyumbani ni za jamii ya pareto, ua linalolimwa Kenya, Tanzania na Rwanda, au zimetengenezwa viwandani kwa kuiga kemikali za ua hilo. Mbwa huzistahimili kwa kiasi fulani. Paka ni tofauti, kwa kuwa ini lake lina upungufu wa uwezo wa kuvunjavunja kemikali za aina hiyo, hasa ile iitwayo permethrini. Dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ikipakwa kwa paka, huweza kumuua. Dalili zake ni kutetemeka misuli, kutoa mate, kuyumba na kupatwa na degedege.

Dawa za shambani ni kali zaidi. Somo hilo lilionekana wazi wakati wa uvamizi wa nzige wa jangwani. Makundi hayo yaliingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019 na Uganda mwezi Februari 2020, na kwa Kenya ulikuwa uvamizi mkubwa zaidi katika kipindi cha takriban miaka 70. Dawa zilipulizwa kwa ndege na kwa mabomba ya mkono, na wananchi walionywa wasiwale nzige waliopuliziwa sumu. Onyo hilo linafaa pia kwa mbwa, paka na kuku, ambao hawana njia ya kulisikia isipokuwa kupitia kwa mwenye kuwafuga. Kuku aliyekula wadudu wenye sumu humwongezea mwenye nyumba tatizo la pili, kwa kuwa nyama na mayai yake huliwa na familia.

Minyoo inayosafiri ndani ya wadudu

Hatari nyingine huja kimya kimya. Upo mnyoo wa mbwa uitwao kitaalamu Spirocerca lupi, ambao umeripotiwa kwa miaka mingi nchini Kenya na katika nchi nyingine za joto. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mbwa na kuliwa na mbawakawa wa kinyesi. Mbwa akimla mbawakawa huyo, au akimla kuku au mjusi aliyemla mbawakawa huyo, viluwiluwi vya mnyoo hutoka tumboni, hupita katika kuta za mishipa ya damu hadi kwenye mshipa mkuu utokao moyoni, kisha huhamia kwenye umio na kufanya uvimbe. Mbwa huanza kurudisha chakula mara baada ya kukimeza na kukonda. Uvimbe huo huweza kugeuka saratani, na mshipa mkuu uliodhoofishwa huweza kupasuka na kumuua mnyama ghafla.

Kiroboto naye, ambaye paka na mbwa humtafuna wanapojikuna na kujilamba, hubeba tegu. Vipande vya tegu hilo huonekana kama punje za mchele karibu na mkia au kwenye malazi ya mnyama. Mtoto mdogo anayecheza na mnyama mwenye viroboto huweza kumeza kiroboto kwa bahati mbaya na kuambukizwa vilevile. Tiba ipo na ni rahisi, lakini haidumu iwapo viroboto wenyewe hawakuondolewa.

Si kila povu ni la mdudu

Povu mdomoni mwa mbwa lina maana zaidi ya moja, na katika nchi za eneo hili tofauti hiyo ni suala la uhai wa mtu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na dalili zikishajitokeza kwa mtu, kifo karibu hakiepukiki.

Mbwa aliyetafuna mdudu mwenye harufu huwa ameonekana akifanya hivyo. Povu lake hukoma baada ya muda mfupi, hunywa maji, na humtambua mwenye nyumba kama kawaida. Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia: mpole huwa mkali au mkali huwa mpole kupita kiasi, hushindwa kumeza, taya huweza kulegea, sauti hubadilika na miguu huyumba. Watu wengi hudhani mnyama wa namna hiyo amekwamwa na mfupa au mdudu kooni, wakaingiza mkono mdomoni kumsaidia. Jambo hilo halipaswi kufanywa kwa mbwa asiyechanjwa au mwenye historia isiyojulikana. Anapaswa kutengwa bila kushikwa, na daktari wa mifugo aitwe. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate penye jeraha anapaswa kuosha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo.

Nini kifanyike

Hakuna haja ya kumzuia paka kumkimbiza panzi. Mchezo huo humpa mazoezi, na mdudu safi hana madhara kwa mnyama mwenye afya. Hata hivyo, wadudu si badala ya chakula cha kila siku, hasa kwa paka anayenyonyesha au mtoto wa paka, ambao huhitaji nyama.

Mwenye nyumba anayepuliza dawa anapaswa kuwatoa wanyama nje, kufagia wadudu waliokufa na wanaokufa, na kuosha sakafu kabla ya kuwarudisha. Katika siku za kumbikumbi na senene ni vyema kuacha kabisa kupuliza dawa karibu na taa, kwa faida ya wanyama na ya watu watakaokula wadudu haohao. Mbwa na kuku hawapaswi kuachwa waingie katika shamba lililopuliziwa hivi karibuni. Kinyesi cha mbwa kikizolewa mapema na kufukiwa kwenye shimo refu, mbawakawa hukosa mahali pa kuokotea mayai ya minyoo. Dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa zitolewe kwa wakati kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza.

Mnyama akionyesha dalili za sumu, asilazimishwe kutapika wala asinyweshwe maziwa au mafuta kwa kubahatisha. Apelekwe kwa daktari pamoja na mabaki ya mdudu na kopo la dawa iliyotumika, kwa kuwa jina lililoandikwa hapo ndilo litakalomwongoza daktari katika tiba.

Kwa familia zinazokusanya kumbikumbi, njia ya zamani bado inatosha: beseni la maji chini ya taa, bila dawa yoyote. Wadudu huifuata nuru iliyo majini na kutumbukia. Wanaoangukia nje ya beseni ni haki ya paka.